Sauti za Jumapili

Nilirudi nyumbani siku ya Alhamisi, mvua imetoka tu kukatika na harufu ya majani ya chai yanayonyaushwa kiwandani imeteremka mpaka kwetu, juu kidogo ya soko la Sigowet. Harufu hiyo ndiyo huniita. Nimefunga maua ya waridi Naivasha, nimeuza mitumba Bomet, nimepikia madereva wa malori kule Malaba, na kila mahali, upepo ukigeuka, nimeinua pua kuitafuta. Watu hudhani mwanamke anayehamahama hapendi kwao. Mimi nakupenda kwetu kuliko wengi wasiowahi kutoka. Kukaa ndiko kunakonishinda.

Safari hii sikuitwa na harufu peke yake. Kaka yangu, ambaye huendesha trekta upande wa Kedowa na huja nyumbani mwisho wa mwezi, alinipigia simu akasema, "Njoo umwangalie mama. Anamwaga chai nje ya kikombe." Ilikuwa presha ya macho. Daktari alikuwa amemwambia mama wazi kwamba yale aliyokwisha kupoteza hayatarudi, na kwamba matone aliyompa ni ya kulinda yaliyobaki. Yaliyobaki yalikuwa kama mtu anayechungulia dunia kupitia bomba. Kilichokaa mbele ya pua yake alikiona. Kilichokaa kando hakikuwepo.

Aliyenifungulia lango ni binti wa kaka yangu, aliyekuwa anakaribia miaka mitano. Alinitazama toka viatu mpaka kitambaa cha kichwa, akanishika kidole, akanivuta mpaka nyuma ya nyumba alikokuwa bibi yake. Kwetu bibi huitwa kogo. Mtoto alimpanda mapajani, akaweka mikono yake hapo hapo mbele ya uso wa mama, karibu kugusa pua, akafanya ishara ambazo sikuzijua: vidole viwili vikitembea, kisha ngumi begani kama mtu aliyebeba mzigo.

"Nani? Mgeni wa mzigo?" mama akauliza, akigeuza kichwa huku na huku kunitafuta. "Aa! Ni senge yako. Huyo si mgeni. Huyo ni upepo."

Senge ni shangazi. Upepo ni mimi tangu zamani.

Huyu mtoto hakuwa anasikia vizuri tangu kuzaliwa, lakini ilichukua muda watu kujua. Alikuwa mpole, na kwetu mtoto mpole husifiwa. Alipofika miaka miwili bila neno, mama alisema hata baba yake alichelewa. Kisha siku moja king'ora cha kiwanda kilipiga akiwa amelala juu ya gunia uani, kuku wakaruka, mbwa akalia, naye hata kope haikutikisika. Wifi yangu, mama yake mtoto, alisimama na kikapu cha chai mgongoni akilia bila sauti. Baada ya hapo zikaja kliniki, vipimo, na mwishowe harambee kanisani ya kununua mashine mbili za masikio, zile ndogo zinazokaa nyuma ya sikio na kimrija chembamba kinachoingia kwenye kizibo ndani. Wamama waliuza kuku. Mzee mmoja asiye na mtoto wala mjukuu alitoa ndama.

Haya yote niliyasikia kwa simu nikiwa Malaba. Kwa hiyo jioni ile nilipomtazama mtoto na kuona masikio matupu, niliuliza mashine ziko wapi.

"Zimelala," mama akasema. "Leo si ni siku ya kazi?"

Sikushangaa hata kidogo. Mtu aliyelelewa na mama yangu hawezi kushangaa hapo. Tulipokuwa wadogo, viatu vyetu vilikaa chini ya kitanda vimefungwa kwenye karatasi mpaka Jumapili, na tulikwenda shule miguu mitupu. Kulikuwa na kikombe cha Jumapili, shuka la Jumapili, hata sufuria iliyokuwa haijui moshi wa siku za wiki. Kitu kizuri hakikuvaliwa shambani. Mama hakufanya hivyo kwa kujivuna; alifanya hivyo kwa heshima, kwa kile kitu na kwa yeyote aliyekitolea jasho. Zile mashine alikuwa amezikalisha juu kabatini, ndani ya mkebe wenye mchele mkavu wa kunyonya unyevu, na juu ya mkebe akaweka kitambaa alichokishona mwenyewe.

Jumapili nikaona zinavyovaliwa. Mtoto alioshwa, akapakwa mafuta, akavishwa gauni, soksi, na mwisho kabisa mashine. Wifi yangu alizitoa mcheleni moja baada ya nyingine, akapuliza, akatia betri, akasukuma kizibo taratibu. Kimoja kilipiga mluzi. Mtoto akatoa macho, akatulia, akawa kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumba yenye sherehe. Kanisani aliketi mbele karibu na spika. Kinanda kilipoanza, alifungua mdomo na yeye, akapanda na kushuka na wimbo bila kukosa, ingawa maneno yake yalikuwa "aa" na "uu" tu. Watu waligeuka kumtazama na kutabasamu. Ile ndiyo ilikuwa harambee yao, inaimba.

Jioni, mashine zilirudi mcheleni, na mtoto akarudi kwa ishara zake.

Hizo ishara ndizo zilikuwa zinamnyima mama usingizi. Yeye na mtoto walikuwa pamoja kutwa nzima, kwa sababu wifi yangu aliondoka alfajiri kwenda kuchuna majani na hakurudi mpaka ameyapeleka kwenye kituo cha kununulia. Walikuwa wametunga lugha yao wenyewe, hao wawili. Kuvuta vidole hewani ni ng'ombe. Kidole kinachoteremka shavuni ni mvua. Viganja viwili vilivyokumbatia hewa ni ugali. Lakini jicho la mama lilikuwa linafunga kidogo kidogo, na zizini, ambako hakuna mwanga mwingi, alikuwa haoni mkono hata ukiletwa puani.

"Hii macho ikizima," aliniambia siku moja tukichambua maharagwe, "huyu mtoto ataniambia aje? Na mimi nitamwambia aje? Tutakaa hapa wawili kama mawe."

Nilisema labda ataongea kabla ya hapo.

"Labda," akasema. Kisha akaendelea kutafuta mawe kwenye maharagwe kwa ncha za vidole.

Siku ya kliniki tulikwenda sote Kericho: mama, wifi, mtoto akiwa amevalishwa mashine zake, nami. Aliyetupokea ni msichana wa kutoka kanda ya ziwa, mwembamba, mcheshi, anayefundisha watoto matamshi. Mama alimwita mwalimu. Aliketi sakafuni juu ya mkeka, akatoa ng'ombe wa plastiki, akaficha mdomo wake nyuma ya kipande cha kadibodi ili mtoto asisome midomo, akasema, "Muuu." Mtoto akamtazama tu. Akatoa gari, akanguruma. Akatoa kikombe, akasema "maji", akasema "maziwa". Mtoto alikuwa na adabu sana, ila hapakuwa na kitu. Nilimwona wifi yangu akibana mikono katikati ya magoti.

Mwalimu alikuwa na kitabu kikubwa cha picha chenye jalada jeusi. Alipoona hakimsaidii, alikifunga kwa nguvu kidogo. Mtoto papo hapo akafumba macho, akakutanisha viganja, akasema kwa sauti iliyojaa chumba kizima:

"Ameee!"

Ilikuwa na kupanda na kushuka kwake, sawasawa na mchungaji wetu. Mwalimu alibaki na kitabu mkononi.

"Ngoja kwanza," akasema. "Huyu anakwenda kanisa sana?"

"Kila Jumapili," mama akajibu. "Hajakosa."

"Na hizi mashine, kogo, anavaa lini?"

Wifi yangu akatazama sakafu. Mama yeye alinyoosha shingo kwa fahari. "Hizo tunachunga sana. Wewe angalia. Hata mkwaruzo haina. Hata tope haijaona."

Mwalimu alizitazama kweli, akazigeuza kwenye mwanga. "Kogo, sijaona mtu ametunza hizi vitu hivi. Wengine wananiletea zimetafunwa na mbwa." Mama akacheka. Mwalimu akasogea karibu, akaketi mahali ambapo jicho la mama lingemwona. "Lakini sikia. Mtoto anayesikia amesikia neno maziwa asubuhi na jioni tangu siku ya kwanza. Amelisikia mpaka likamjaa, ndipo siku moja linamwagika nje, kwanza limevunjika, baadaye zima. Huyu wako amejazwa nini? Amina, haleluya, na kinanda. Hayo ndiyo anayotoa. Maziwa hajawahi kuyasikia. Nani anakamua ng'ombe kanisani?"

Mama alicheka tena, lakini safari hii kicheko kilikatika mapema.

Mwalimu aliendelea kueleza, na mimi nilisikiliza kwa sababu sikuwa nimewahi kufikiri sauti zina mahali zinapokaa. Alisema sauti kama m, na p, na b ziko midomoni, mtoto anaweza kuziona na kuziiga hata akizisikia nusu. K na g zimejificha nyuma kule kooni, hakuna wa kuziona. Na s ni nyembamba sana, iko juu sana. Kwa mtoto kama huyu hupita kama ndege aliye mbali, na bila mashine haipo kabisa. Alisema mtoto hajachelewa kupita kiasi, ila kila siku mashine zikilala, na masikio yanalala. "Avae akiamka, avue akilala. Zizini, jikoni, kwa majani, kila mahali. Zikipata tope tutaosha vizibo. Zikivunjika tutatengeneza. Masikio yakizoea kunyamaza ndiyo sina spana yake."

Tulikubali sote kwa vichwa. Tulipofika lango mama akasimama.

"Hapana," akasema. "Mimi siwezi. Hii kitu ilinunuliwa na watu wa Mungu. Watu waliuza kuku. Yule mzee alitoa ndama yake. Sasa mimi nipeleke kwa mavi ya ng'ombe? Mtu akipita hapa aone, atasema nini?"

"Atasema mtoto anasikia," nikamwambia.

"Wewe nyamaza. Wewe unakaa wiki mbili unaenda. Utanifundisha nyumba yangu?"

Hilo liliniingia, kwa sababu lilikuwa kweli. Siku iliyofuata nilimfuata wifi yangu shambani, tukachuna mstari mmoja pamoja, mimi vidole vimeshasahau kazi na majani yananidondoka. Alikuwa analia, akichuna hivyo hivyo, machipukizi mawili na jani, bila kukosea.

"Nataka kumvalisha," akasema. "Kila asubuhi nikiondoka naangalia ule mkebe. Lakini nikimpinga kogo, nimemtukana. Yeye ndiye amelea huyu mtoto. Wewe ni senge, wewe unaweza kusema."

"Nimesema. Hukusikia nilivyojibiwa?"

"Sema tena."

Nilisema tena. Nilisema jioni, nikasema asubuhi. Mama alijibu kwa kuongeza mchele mpya kwenye mkebe.

Jumapili iliyofuata ibada ilichelewa kuisha, na mvua ikatukamata njiani, ile mvua yetu ya alasiri inayoteremka kama mtu ameinua ndoo. Wifi yangu alibaki kanisani na wanakwaya. Mama, mtoto na mimi tulikimbia chini ya mwavuli mmoja. Tulipofika, ng'ombe alikuwa analia, matiti yamejaa, ndama amekata kamba. Hapakuwa na nafasi ya kubadilisha nguo. Mama alijifunga leso juu ya gauni la kanisa, akachukua ndoo na kigoda, akaingia zizini kwa kupapasa ukuta. Mtoto akamfuata kama kawaida yake, kwani kazi yake ilikuwa kushika kopo la mafuta ya kukamulia. Hakuna aliyekumbuka masikio. Mimi nilikuwa mlangoni pa zizi nikikung'uta mwavuli.

Maziwa ya kwanza yanapopiga chini ya ndoo tupu hutoa sauti kali. Mtoto aliruka. Alitazama juu, akatazama ng'ombe, kisha akachuchumaa, akainamisha kichwa karibu na ndoo mpaka nywele zikagusa ukingo. Kadiri ndoo ilivyojaa ile sauti ilibadilika, ikawa nzito, ikawa laini, na uso wa mtoto ulikuwa unabadilika nayo. Mama hakuona lolote la haya. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, kama alivyofanya maisha yake yote.

Alipomaliza alisimama na ndoo iliyojaa, akageuka kutoka. Ndama alikuwa amekuja kulala hapo hapo njiani, nusu gizani. Mimi nilimwona nikiwa pale mlangoni, nikavuta pumzi nipige kelele, lakini mtoto alinitangulia. Alisimama wima, akakaza ngumi, akapaza sauti:

"Ameee!"

Mama alisimama na mguu hewani. Katika nyumba yetu, ukisikia amina unasimama, hata ukiwa na nini mkononi. Nafikiri aliinamisha na kichwa. Kisha ule mguu ukashuka polepole, kidole gumba kikagusa manyoya ya ndama.

"Nani amesema?" akauliza.

"Ni yeye."

"Nani alimfundisha kuniambia hivyo?"

"Hakuna. Ndilo neno alilo nalo. Anajua likisemwa watu wanasimama."

Mama aliweka ndoo chini. Alirudi, akapapasa kigoda, akaketi, ingawa ng'ombe alikuwa amekwisha kukamuliwa. Alinyoosha mkono, mtoto akaja, na mama alipomkumbatia kichwa mashine zikapiga mluzi zote mbili, ng'ombe akageuza shingo kuona ni nyoka gani ameingia.

"Mimi ni kogo," mama akamwambia, karibu na sikio. "Kogo. Kogo." Kisha akavuta titi, akatoa matone machache yaliyobaki, chwa, chwa, kwenye zege. "Maziwa. Unasikia? Hii ni maziwa."

Wifi yangu aliporudi na kunyoosha mkono kuzivua mashine, kama alivyozoea baada ya kanisa, mama alimzuia. "Wacha. Atavua akilala."

Lakini mama si mtu wa kubadilisha jambo kimyakimya. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, alisimama, akashika kiti kilicho mbele yake, akaliambia kanisa kwamba kile kitu walichonunua kwa ajili ya mjukuu wake kitaonekana sasa shambani, na zizini, na sokoni, na pengine kitakuwa na tope, na anayeona hiyo ni dharau aje kwake amwambie usoni. "Mlinunua sikio," akasema. "Sikio haliwekwi kabatini." Yule mzee aliyetoa ndama alipiga makofi peke yake, watu wengine wakafuata.

Nje, jirani mmoja mwenye ulimi alimngoja. "Sasa kogo, kama mtoto anavaa spika mpaka kwa majani, Jumapili atavaa nini?"

"Viatu," mama akasema.

Nilikuwa nimepanga kukaa wiki mbili. Nilikaa mpaka mvua ndefu ikaisha, na hiyo kwangu ni kama kujenga nyumba. Siku za kwanza zilikuwa ngumu kwa mtoto. Kuvaa Jumapili kulikuwa sherehe. Kuvaa kila siku kulikuwa kelele. Mvua ilipopiga mabati ya jikoni aliingia chini ya meza, akazing'oa, akazitupa. Mama alipapasa sakafu akazipata, akaketi chini naye. "Hata mimi siipendi hiyo," akamwambia. Hakumlazimisha, alingoja mvua ipungue, akazirudisha. Wifi alishona kamba nyembamba inayoshika mashine na kola ya gauni, zisipotee kwenye majani ya chai. Ndama alilamba moja akaimeza nusu ya kamba yake. Tope liliingia, tukaosha vizibo kwa maji ya uvuguvugu. Mkwaruzo wa kwanza ulipotokea, mama aliupapasa kwa kidole muda mrefu, kisha akanirudishia.

Na sauti zikaanza kuja, zile za midomoni kwanza, kama mwalimu alivyosema. "Ma" ilikuwa maziwa, na maji, na kila kitu kinachomiminwa. "Pa" ilikuwa paka, na baadaye ilikuwa kila mnyama isipokuwa ng'ombe, ambaye alikuwa "uuu". Neno kogo lilimsumbua, kwa kuwa lote limekaa kooni. Mwanzoni lilikuwa "oo" tu. Mwalimu alimlaza chali kwenye mkeka, ulimi ukarudi nyuma wenyewe kwa uzito wake, akampa maji kidogo asukutue koo, wakacheka wote wawili. Kutoka hapo "oo" ikawa "todo", ulimi ukigonga meno badala ya kurudi nyuma. Wifi alitaka kumrekebisha kila mara. Mwalimu akamwambia, "Usimkatize. Wewe mjibu tu kwa neno zuri, alisikie tena. Hata watoto wanaosikia hupitia hapo." Mama yeye alikuwa ameshaitikia todo siku nyingi.

Jicho la mama lilikuwa linafunga. Jumapili moja asubuhi, katikati ya chai, mtoto alimletea mkono mbele ya pua, vidole vikivuta hewani, na mama akaendelea kunywa. Mtoto akausogeza zaidi. Mama akakunja uso alipohisi upepo wa vidole, akaelewa, nasi tukaelewa. Wifi yangu aliinuka akatoka nje kama mtu aliyeitwa.

Mwalimu ndiye aliyempa mama kazi ya asubuhi. Alisema mtu fulani nyumbani lazima ajaribu mashine kila siku kabla ya kuanza kazi, aketi nyuma ya mtoto, atamke sauti chache, nene na nyembamba, na mtoto akisikia aonyeshe. Kwa kawaida mtoto huinua mkono, au hupanga vitu. Wifi alisema kazi hiyo aachiwe mtu anayeona. Mama akasema, "Asubuhi nani yuko hapa? Wewe uko kwa majani." Akaagiza mkebe mtupu na konzi ya mahindi. Mtoto akisikia sauti, atie punje moja ndani.

Basi kila asubuhi, mtoto akiwa kwenye mkeka amempa mgongo, mama aliketi kwenye kigoda nyuma yake na kuanza. Mimi nilikuwa nikiosha vyombo, nasikiliza.

"Mmm," mama alisema.

Ti, punje ikaanguka.

"Uuu." Ti. "Aaa." Ti. "Iii."

Kimya. Mama alingoja. "Iii," tena. Ti.

"Shhh." Hapa ilichukua muda mtoto akiwaza, kisha punje ikaanguka taratibu, kama isiyo na hakika.

"Sss."

Mkebe ulinyamaza. Mama aliinama mbele, sikio likielekea kwenye mkebe, midomo imebana. "Sss." Nje ndege walikuwa wengi kwenye ua wa misipresi. "Sss."

"Hapo bado," akaniambia, bila kugeuka. Kliniki walikuwa wamesema vizibo vimelegea kwa sababu mtoto anakua, na vipya viko njiani. Mama alisema vikija watajaribu tena, visipokuja watajaribu hivyo hivyo.

Mtoto alichoka kungoja. Aligeuka, akamwaga mahindi yote mkebeni kwa mkupuo mmoja, akasimama.

"Todo," akasema. "Todo, uuu. Maiwa."

"Ng'ombe anataka kukamuliwa?"

"Maiwa!"

"Nakuja, nakuja. Huyu atanimaliza."

Mama aliinuka akashika ndoo. Mtoto alitangulia, hakumshika mkono, alikuwa tayari amefika kwenye kona ya jikoni na sasa alikuwa anavuka uani, akimsimulia jambo, pengine la ndama, pengine la ndege wa kwenye ua, nusu yake sikuielewa. Mama alimfuata bila kupapasa ukuta na bila kuuliza mtoto yuko wapi, kwa sababu njia nzima mtoto alikuwa akiongea.